Usiiache simu ya hoteli wazi kwenye intaneti

Ndugu yangu wa Paje, umeuliza kama ufungue poti 5060 (mlango wa mtandao) kwenye ruta ili mhasibu wako aliyeko Chake Chake atumie simu za hoteli. Usifungue, nakusihi. Poti hiyo ya SIP, yaani utaratibu wa kuunganisha simu kwa intaneti, hupekuliwa usiku na mchana na programu za wezi. Wakiipata nywila ya ekstensheni (namba ya simu ya ndani) moja tu, watapiga nchi za mbali hadi alfajiri na bili utalipa wewe. Weka VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, mhasibu aingilie humo. Programu ya VPN iitwayo WireGuard ni ya bure na inatosha: kila mtu na ufunguo wake, akiacha kazi unaufuta siku hiyo hiyo. Simu za nje ya nchi zifunge kwa wasiozihitaji. Na umesema nywila ya ekstensheni 1001 ni 1001: hiyo ibadilishe leo, kabla hata ya VPN.