Ukiandika kijana anayehoji amri, usianze na hotuba

Wiki iliyopita stori yangu imekubaliwa kuingia kwenye mkusanyiko wa hadithi za vijana, na sifichi, nimefurahi mno, maana ni stori ileile ambayo mhariri mmoja aliwahi kunirudishia na sentensi moja tu, eti "mtoto wa Kiafrika hahoji wakubwa namna hii". Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Hahoji? Huyo mtu amewahi kukaa jikoni na binti wa miaka 13 kweli?

Sasa juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, naandika riwaya ya distopia, yaani jamii ya kubuni inayobanwa na watawala wakali, kijana wangu anapinga watawala, ukurasa wa pili tu anawahutubia askari, ila wasomaji wangu wanasema hawamwamini, nifanyeje?" Nikaona nijibu hapa maana najua mko wengi mnaohangaika na hili.

Stori yangu iko hivi. Mji umetoka kwenye njaa kali, na kwenye ile njaa watu walikula mpaka mbegu, kwa hiyo ikawekwa amri kwamba mbegu yoyote ni mali ya ghala. Ukipasua boga unatoa mbegu zote, unaanika, unahesabu, unapeleka. Binti anaishi na bibi yake, siku moja anakung'uta ungo anakuta mbegu moja imenasa ukingoni, na hesabu ilishapelekwa jana. Anauliza, "Bibi, na hii ni yao?" Basi, hachomi ghala wala hapigi kelele. Bibi anaichukua, anaitia mdomoni, anaitafuna harakaharaka huku macho yako mlangoni. Mhariri mpya aliniambia hapo ndo alipoamua kuichukua.

Kwa hiyo dada yangu, la kwanza, amri iwe na sababu ya maana. Ukiweka amri ya kijinga tu msomaji anaichukia kabla hata kijana hajafungua mdomo, na hapo kuhoji kunakuwa rahisi mno. Msome Lois Lowry kwenye riwaya yake The Giver, ya 1993, ya jamii inayopangiwa kila kitu. Watoto wa miaka minne mpaka sita wanavaa jaketi zenye vifungo mgongoni, makusudi, ili wafungane wenyewe kwa wenyewe wajifunze kutegemeana. Ukisoma unasema mbona vizuri! Halafu Jonas, kijana mkuu wa riwaya hiyo, miaka 12, anapewa karatasi ya masharti manane, na la mwisho linamruhusu kusema uongo, ndo anajiuliza je watu wazima wote walipewa ruhusa hiyohiyo, hata baba yake? Hamuulizi mtu, lakini toka hapo kila jibu la mkubwa linatia shaka.

La pili, amri imguse kijana mwilini. Kwenye riwaya ya The Hunger Games ya Suzanne Collins, 2008, mtoto maskini anaruhusiwa kuchukua nafaka na mafuta ya mwaka, ila kila akichukua jina lake linaongezwa kwenye kura ya kuchagua watoto wa kwenda kupigana mpaka kufa. Katniss, binti mkuu wa riwaya hiyo, ana miaka 16 na jina lake limo mara 20, na halafu walinzi wenyewe wanamnunulia nyama anayowinda kinyume cha sheria, kwa sababu nao wana njaa ya nyama kama watu wengine. Hiyo ndo serikali ya kweli, amri ipo na kila mtu anajua wapi inavunjwa.

Mi naamini kabisa vijana wetu wanahoji kila siku, wanahoji kwa kununa, kwa kuchelewa kuitika, kwa kumuuliza bibi kitu ambacho hawawezi kumuuliza baba, na sisi waandishi tukiwanyima hayo maswali tunawadhulumu, tunawafundisha kwamba adabu ni kunyamaza. Tuwasikilize jamani! Tuwaandike wakiwa na heshima zao zote na bado wanauliza, hayo mawili hayagombani hata kidogo.

Dada, kijana wako ukurasa wa pili yuko mbele ya askari anahutubia. Itoe hiyo hotuba, mrudishe nyumbani, tafuta kitu kimoja alichonyimwa siku ile, chakula, usingizi, viatu, chochote, halafu amuulize mama yake kwa nini. Jibu la mama liandike kwa muda mrefu kuliko sura yoyote. Na wakikuambia watoto wetu hawahoji, peleka kwa mhariri mwingine.