Wasiojibu ankete yangu, niwafwate mpaka lini?

SWALI: Yaya, jambo. Niko nafanya ankete ya memuari yangu juu ya madeni ya likelemba (ule muchango wa kupokezana pesa kwa zamu), kwa wauzaji 120 wa soko hapa Goma. 81 wamejibu, 39 bado, na 6 kati yao wamenikatalia wazi. Narudi, napiga simu, natuma mesaji, uniti zinaisha. Kuko mama mumoja wa maharagi nimemufwata mara 4, kila nikifika iko anapimia wateja murongo, ananiambia “kesho, mwanangu”. Marafiki wanasema niulize jirani yake nijaze ile namba tu. Niache lini? — Mwanafunzi, Ndosho

JIBU: Mdogo wangu, huyo jirani umuache hapo hapo. Ukijaza na mwenye kupatikana tu utakuwa umekusanya watu wenye nafasi ya kupiga story. Hata zile ankete kubwa za afya za EDS, nyumba ikikosa watu hairusiwi kuweka ya jirani, mwenye kuuliza anarudi mara 3 hivi, siku na saa tofauti, ikishindikana anaandika hawakupatikana, anaendelea.

Saa tofauti, umesikia? Huyo mama umemufwata mara 4 lakini zote ni saa za wateja, kwangu mimi hiyo ni mara 1. Nenda jioni, anapakia magunia kwenye chukudu, umushikie hata kamba, utaona vile mdomo unafunguka.

Wale 6 usirudi kwao kabisa. Kunabakia 33, na hapa fanya kama Hansen na Hurwitz, Wamarekani wawili walioandika juu ya jambo hili mwaka 1946: usikimbilie wote, piga kura utoe 11, hao ndio uwamalizie nguvu na uniti zako, na kwenye hesabu kila mumoja abebe uzito wa watu 3. Wale 22 wengine wasahau, ulale.

Halafu linganisha. Mada yako ndio iko na hatari juu mwenye alikula pesa ya likelemba akiona tu mutu na makaratasi anakumbuka ana safari. Hao 11 wakiongea sawa na wale 81, funga kazi. Wakiongea tofauti, ujue ile picha ya 81 peke yao ilikuwa inakudanganya, usiitoe bila ule uzito.

Na wale 6 uwaandike vile vile, “walikataa”. Direkteri akiuliza mbona hukurudi kwao, mwambie walishajibu.