Nati ya breki haichaguliwi kwa macho

Juzi kijana mmoja, fundi wa Lindi, kaniandikia: "Shikamoo mzee. Nimebadilisha paipu za breki kwenye tela la boti la Kimarekani, nati ya pale kwenye pampu ya breki inavuja. Nimekaza mpaka mkono unauma."

Marahaba mwanangu. Usikaze tena, utaiua pampu, na pampu ya tela la Kimarekani huku kusini si kitu cha kuingia dukani ukatoka nacho.

Nimemwelewa haraka kwa sababu tela la namna hiyo limepita mikononi mwangu, Mikindani. Nilimwambia mwenye tela paipu zote zitoke. Linazamishwa baharini kila boti inaposhushwa, na chumvi inajificha chini ya vibano vinavyoshika paipu. Nikafungua kibano kimoja mbele yake, nikaparua kwa bisibisi. Kutu ikabanduka magamba magamba, na chini yake mafuta ya breki yakachomoza. Bado akasema nina njaa, tena mbele ya vijana wangu, akalipeleka kwingine. Liliporudi kwangu, kipande kilichooza kilikuwa kimeungwa kwa paipu ya shaba ya friji, na nati za gari la Kijapani zimelazimishwa kwenye pampu. Nililitengeneza na mpaka leo linafunga breki vizuri. Lile neno halijanitoka moyoni.

Sasa shika hili. Nati za magari ya Kijapani tulizozizoea Mtwara na Lindi nyingi ni za milimita 10, na thredi, ile mikato ya kuzungushia, zimeachana milimita 1. Matela mengi ya Kimarekani yanatumia nati ya 3/8 ya inchi, thredi 24 kwa inchi, yaani unene wa milimita 9.5 hivi. Ukiziweka kiganjani huzitofautishi. Ya milimita 10 ukiitia kwenye tundu la 3/8 inashika kidogo kisha inagoma, na ukilazimisha inakula thredi za pampu. Ya 3/8 kwenye tundu la milimita 10 ni hatari zaidi: inaingia laini, inachezacheza, na ukikanyaga breki kwa nguvu inaweza kuchomoka. Pima kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene. Nati sahihi inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho, spana inamalizia tu.

Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiiguse. Kinachozuia mafuta si thredi, ni mdomo wa paipu unaolala kwenye kiti chake, na mdomo huo ukunjwe mara mbili. Paipu nunua ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Inavumilia chumvi, na si ile ya friji.

Vijana, mwenye mali akikwambia "kaza tu twende", mkatalie. Barabara ya Mingoyo ina bodaboda na watoto wa shule, na breki ikifeli hutakuwa na la kuwaambia wazazi wao. Akikuita mwenye njaa, mwache akuite.

Kwa hiyo mwanangu, fungua nati, mulika tundu la pampu kwa tochi. Thredi zikiwa nzima, tafuta nati ya 3/8, toa upepo ulio ndani ya paipu za breki ukianzia gurudumu la mbali na pampu, kisha ibane pampu na ufute kila kiungo kwa karatasi kavu uone kama kinavuja. Zikiwa zimeliwa, mwambie mwenye tela leo hii kwamba pampu inabadilishwa.