Udongo badala ya antibiotiki?

SWALI: Watoto wa nguruwe huhara siku ya nne au ya tano baada ya kuachishwa kunyonya, na nimekuwa nikiwachanganyia antibiotiki kwenye chakula. Je, zeolaiti au bentonaiti (madini ya unga yanayochimbwa ardhini) inatosha? Na wakiugua, nitoe pamoja na dawa?

JIBU: Inasaidia, ila haifanyi kazi ya antibiotiki. Dawa huua bakteria. Madini haya hunasa. Zeolaiti hunasa amonia tumboni, bentonaiti hunasa aflatoksini, sumu ya kuvu kwenye nafaka, na kinyesi hukauka kidogo. Bakteria wenyewe hubaki hai.

Kwa kilo 100 za chakula tia kilo 1 ya zeolaiti aina ya klinoptilolaiti, au kilo 1 hadi 2 za bentonaiti. Umoja wa Ulaya nao umeweka ukomo hapo hapo. Usizidishe, maana madini hayashibishi. Hula nafasi ya nafaka na watoto hudumaa. Changanya kwanza kilo hiyo na kilo 10 za nafaka iliyosagwa, ndipo uingize kwenye chakula kilichobaki. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, wengine watakula udongo na wengine wataukosa kabisa. Funika pua, vumbi lake ni baya.

Wengi hukwama kwenye chokaa wanayotia kwenye chakula. Tumbo la mtoto wa wiki nne hutoa asidi kidogo, na chokaa huimaliza hiyo hiyo kidogo, na E. coli, bakteria wa kuhara, hupita salama hadi kwenye utumbo. Kwa wiki mbili za kwanza punguza chokaa (usiiondoe yote, mifupa inaihitaji) na shusha protini hadi asilimia 17 au 18, kwa sababu protini isiyomeng'enywa ndiyo chakula cha bakteria hao. Banda likiwa na baridi chini ya nyuzi 28, hakuna udongo utakaowaokoa.

Wakiugua, ondoa bentonaiti kabla ya kuwapa antibiotiki ya tailosini au dawa yoyote ya jamii yake (makrolidi) kwa mdomo: itainasa, na utakuwa umenunua dawa ya kutupa kwenye samadi. Wanaohara na macho yameingia ndani wanahitaji maji yenye chumvi na sukari, na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nunua zeolaiti au bentonaiti iliyopimwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, si ya kuchimbia visima wala ya choo cha paka. “Ya asili” si kinga: mwaka 1997 nchini Marekani, udongo wa asili uliotiwa kwenye chakula cha kuku na kambare ulikutwa na dioksini, kemikali yenye sumu kali.