Vidonge vya nguvu wakati wa kemo

SWALI: Mama ana miaka 58 na kilo 60, anatibiwa saratani ya titi. Siku tatu baada ya dripu ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, hawezi hata kufika barazani. Majirani wameleta vidonge vya madini ya chuma, vitamini C ya dozi kubwa na mafuta ya habasoda. Nimpe kipi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Pole sana, dada. Kwa sasa usimpe hata kimoja. Vichukue vyote na chupa zake mkienda kliniki, daktari wake avione.

Chuma humfaa aliyepungukiwa chuma. Ombeni apimwe hemoglobini (wingi wa damu), ferritini (akiba ya chuma mwilini) na homoni za tezi la shingo. Ferritini ina mtego: hupanda mwili ukiwa unapambana na maradhi, ikaonekana nzuri na kumbe chuma ni kidogo, kwa hiyo ulizeni pia kipimo cha chuma kilichobebwa katika damu. Akiandikiwa vidonge, avimeze kwa maji ya ndimu, na chai isimkaribie saa moja kabla wala mbili baadaye, maana huzuia chuma kuingia mwilini.

Vitamini C ya dozi kubwa huhofiwa kuzikinga hata seli za saratani dhidi ya dawa. Mafuta ya habasoda huweza kushusha presha na sukari, jambo la hatari kwa anayemeza dawa za maradhi hayo.

Koenzaimu Q10, kidonge kingine kinachouzwa cha kuongeza nguvu, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya titi, haikushinda vidonge visivyo na dawa. Jinseng ya Kimarekani, mzizi wa dawa, ilionyesha nafuu katika utafiti wa 2013: gramu 2 kwa siku, na tofauti ilionekana wiki ya 8, si ya 4. Hata hiyo isianzwe bila idhini ya daktari, hasa akiwa anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Nguvu nyingi iko jikoni. Kwa uzito wake anahitaji protini gramu 72 hadi 90 kwa siku. Mayai mawili, kipande cha samaki changu cha gramu 100 mchana na kingine usiku, kikombe cha mbaazi na vikombe viwili vya maziwa hutoa kama 80. Ale kidogo kidogo kila saa mbili au tatu. Mayai yaive kabisa na maziwa yachemshwe, kwani kinga imeshuka.

Jua likipungua baada ya alasiri, mtembeze dakika 10, hata uani. Mazoezi mepesi yana ushahidi mkubwa kuliko kidonge chochote. Joto lake la mwili likifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.