Anti, huyo mwanasaikolojia mlokole atanitibu au atanihubiria?

Marahaba mwanangu wa Nkuhungu. Barua yako nimeisoma mara tatu mpaka chai ikapoa. Kwa wasomaji wengine, huyu mama kafiwa na mtoto wa miezi minne, huu ni mwezi wa saba tangu msiba hajapata usingizi wa maana, kila Jumamosi anazitoa nguo za mtoto kwenye begi anazifua anazianika anazikunja anazirudisha, na mama mkwe anataka zigawiwe. Kanisani ameambiwa afunge na kuomba, kafunga mara mbili. Rafiki yake wa kwaya kamwelekeza kwa mwanasaikolojia aliyeokoka, ila mume anasema mlokole kwenda kwa mshauri ni kukosa imani, na watu watasema mke wake kapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nenda.

Na hiyo Mirembe nayo, hospitali ipo hapa Dodoma tangu 1927 na sisi wenyewe wa mji huu ndo tumeigeuza tusi, mtu akisahau chenji dukani tu "huyu wa Mirembe", halafu ndugu zetu wakiumwa kweli tunawafungia ndani.

Swali lako ni la maana lakini, maana wapo wa aina mbili na mimi nimeonja wote. Nilipofiwa na mzee wangu, wa kwanza hata sijakaa vizuri ananiuliza kuna dhambi gani sijaitubu, nikahubiriwa saa nzima nikatoka nimebeba kilio changu na hatia juu. Wa pili alikuwa na Biblia mezani, imefungwa. Akaniuliza, mama, ungependa tuanze na maombi au tuongee kwanza? Nikasema tuongee. Wala hakununa. Siku hiyo hatukuomba kabisa, wiki ya tatu ndo nikamwomba mwenyewe tuombe, nikalia kama mtoto.

Ndo tofauti yenyewe hiyo. Imani yako unaiingiza wewe, yeye anaifuata. Wewe umeandika "nahisi Mungu ananiadhibu kwa mambo ya ujanani". Mtaalamu mzuri hatakwambia acha kuwaza hivyo, atakuuliza wazo hilo lilianza lini, nani alilisema kwanza, likija usiku mwili unafanyaje, una ushahidi gani. Hiyo ni saikolojia ya kawaida tu, hata kwa asiye na dini angeuliza hivyohivyo. Ila kwa kuwa unaiamini Biblia anaweza kukufungulia Yohana 9, pale wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi hata huyu azaliwe kipofu, na Yesu anajibu "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake". Wazo lilelile linapimwa kwa neno unaloliheshimu mwenyewe.

Mchungaji wako simkatai, aendelee kukuombea. Ila anamjua mumeo, anamjua mama mkwe, na kwaya nzima inapita kwake, kuna maneno hutayatoa pale. Na kufunga kwa sasa acha, mtu halali usingizi na hali chakula halafu afunge tena? Eliya alipochoka hadi akaomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena. Msomee mumeo hiyo, 1 Wafalme 19, taratibu, bila kumsuta, maana na yeye kafiwa na mtoto huyohuyo na sioni mahali ulipoandika kuwa amelia.

Siku ya kwanza muulize kasomea wapi, na siri zako anazitunzaje. Akikwambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari kisa imani, chukua mkoba wako uondoke. Na kama kuna usiku unatamani kufa, usisubiri tarehe ya mtu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata huko huko Mirembe.

Zile nguo, mwambie mama mkwe azigawe siku utakayosema wewe, si yeye. Jumamosi ukitaka kuzifua, fua.