Mazabodi ndo nilikosea: ushauri kwa anayetaka kujenga mashine ya gemu

Wadau habari zenu. Kila baada ya siku chache kuna mtu ananicheki, kaka nataka kujenga mashine ya gemu bajeti yangu hii hapa, na ukiangalia orodha yake prosesa kali, kadi ya grafiksi kali, kesi ya vioo yenye feni za kuwaka rangi, halafu kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, kaandika "yoyote ya bei rahisi". Hiyo "yoyote" inaniuma sana kwa sababu na mi ndo nilivyofanya, na nikajikuta nanunua bodi mara mbili.

Nakaa Kigamboni, chumba changu kinapigwa na jua la mchana na hakina AC, kuna feni ya dari tu. Nilikuwa na bodi ya AM4 (AM4 ni aina ya soketi, ile sehemu ya kupachika prosesa, kwa prosesa za AMD) ya daraja la chini kabisa, ile ndogo yenye sloti mbili za RAM, niliichukua Kariakoo nikaiwekea prosesa ya Ryzen 5 ya wati 65 na mambo yakawa yanaenda freshi tu. Baadae nikapata Ryzen 7 5800X iliyotumika kwa bei ambayo nisingeipata tena, nikasema hapa hapa. Nikaangalia kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye ile bodi, imo. Nikaflashi BIOS, yaani nikaweka toleo jipya la ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, nikaipachika, ikawaka. Dakika kumi na tano za kwanza kwenye gemu fremu 110, 120, raha tupu, halafu ghafla zinaporomoka mpaka 40, zinapanda kidogo, zinaporomoka tena, na sauti kwenye hedifoni inakatakata. Nikajua kadi ya grafiksi inakufa. Nikabadilisha draiva, nikafuta Windows nikaweka upya, nikapuliza vumbi, nikanunua pasta mpya ya prosesa, wiki mbili nzima nahangaika na hakuna kilichobadilika.

Kuna kaka mmoja fundi mtaani kwetu nikamwita aje aone. Hakugusa kitu, akakaa akaangalia nacheza mpaka ikaanza kustaki, akaniuliza, "Dogo, joto la prosesa linasoma ngapi?" Nikamwambia 64 kaka. "Na spidi yake je?" Hapo sikuwa nimewahi kuangalia. Tukafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na spidi, spidi imeshuka kutoka 4.5 GHz mpaka chini ya 2 na joto lenyewe la prosesa limetulia tu. Akafungua ubavu wa kesi, akanishika mkono akausogeza karibu na vile vichipu vyeusi vilivyojipanga pembeni ya soketi, bila kugusa, na joto lake ni kama umesogeza mkono juu ya jiko la mkaa. Akaniambia prosesa yako nzima, kadi yako nzima, hii bodi ndo imezidiwa.

Sasa hicho kitu ndo nataka ukielewe kabla ya vingine vyote. Pawa saplai inaleta umeme wa volti 12 kwenye bodi, lakini prosesa haitumii volti 12, inatumia volti moja na pointi kidogo, kwa hiyo kuna sehemu kwenye bodi inaitwa VRM ambayo kazi yake ni kuushusha. Na volti zikishuka ampea zinapanda, yaani prosesa kama 5800X ikivuta wati 140 kwa volti 1.3 hapo unaongelea zaidi ya ampea 100 zinapita kwenye kieneo cha vidole viwili. Bodi nzuri inagawa huo mzigo kwa vichipu vingi na juu yake inavifunika na kipande kizito cha alumini cha kunyonya joto. Bodi ya bei ya chini ina vichipu vichache, vipo uchi, na vikichemka bodi inailazimisha prosesa ipunguze spidi ili visiungue. Bodi ilikuwa inajiokoa, mi nikaona gemu inastaki.

Na huku kwetu Pwani hii ishu ni kubwa kuliko kwa wale wanaopima kwenye vyumba vya nyuzi 20. Chumba chako saa tisa alasiri ya Februari kiko nyuzi 32, hizo nyuzi 12 za ziada zinaingia moja kwa moja kwenye VRM. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, ukitoa feni ya kawaida inayokaa juu ya prosesa ukaweka kupoza kwa maji, prosesa inapoa vizuri lakini VRM inakosa ule upepo uliokuwa unamwagikia pembeni, kwa hiyo bodi dhaifu yenye kupoza kwa maji inaweza ikachemka kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Kwa hiyo ukiwa dukani geuza boksi, angalia picha ya bodi pembeni ya soketi, upande wa kushoto na wa juu. Kuna alumini au hakuna? Kwa prosesa ya wati 65 kama Ryzen 5 5600 bodi yoyote ya AM4 ya B450 au B550 yenye alumini hata upande mmoja inatosha kabisa, usipoteze hela. Ukitaka Ryzen 7 au 9 za wati 105 kwenda juu, au Core i7 na i9 za Intel zenye herufi K, hapo alumini iwe nzito na iwe pande zote mbili, na tafuta mtu aliyeipima hiyo bodi kwa prosesa hiyo hiyo sio nyingine. "Inakubali" na "inabeba" ni vitu viwili tofauti, orodha inakwambia inakubali tu.

La pili ni soketi, kwa sababu soketi ndo inaamua kesho yako. Aliyenunua bodi ya AM4 mwaka 2017 aliweza mwaka 2022 kuichomeka prosesa ya 5800X3D kwenye soketi ile ile baada ya BIOS mpya, miaka mitano hiyo. Soketi ya Intel ya LGA1700 ilianza mwishoni mwa 2021 ikabeba kizazi cha 12, 13 na 14 basi, mwaka 2024 wakahamia LGA1851. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, ilitoka 2022, na AMD wenyewe wamesema wataendelea nayo mpaka 2027 na kuendelea. Kama hela unaipata kidogo kidogo kama mimi, ukanunua mashine leo na kuiapgredi baada ya miaka mitatu, hii ni hesabu ya kweli kabisa. Ila AM5 inakula RAM za DDR5 tu, sio zile za zamani za DDR4, na bei ya RAM tangu mwishoni mwa 2025 imepaa vibaya, kwa hiyo kama tayari una DDR4 zako mkononi usione aibu kujenga AM4. Na kwenye LGA1700 soma boksi vizuri mno, bodi zinafanana jina mpaka herufi ya mwisho lakini moja ni ya DDR4 na nyingine ya DDR5, sloti haziingiliani.

BIOS sasa. Jamaa yangu alinunua bodi mpya ya B450 na Ryzen 5 5600 mpya, akafunga kila kitu, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza. Duka lilipomuuzia halikumwambia kitu, fundi wa kwanza akamwambia prosesa imekufa, na karibu aitupe. Kumbe ile bodi ilikaa stoo miaka na BIOS ya zamani ambayo haiijui 5600 kabisa. Tukaazima Ryzen ya zamani, tukawasha, tukaflashi, tukarudisha ya kwake, ikawaka hapo hapo, jamaa akakaa chini kwanza. Siku hizi bodi nyingi zina kitufe cha nyuma cha kuflashi bila prosesa wala RAM, unahitaji pawa saplai na flashi iliyofomatiwa FAT32 yenye faili la BIOS lililopewa jina wanalolitaka kwenye kitabu chake, unabonyeza, kale kataa kadogo kanapepesa, unaacha mpaka kazime. Kwangu mimi hicho kitufe kina thamani kuliko taa zote za rangi. Na tafadhali usiflashi BIOS bila UPS, umeme ukikatika katikati bodi inaweza isiwake tena, na umeme wetu unaujua.

Kwenye sloti ya kadi ya grafiksi watu wanababaishwa sana na namba za PCIe, yaani toleo la hiyo sloti linaloamua spidi ya data. Kwa kadi nyingi tofauti ya 3.0 na 4.0 hutaiona kwa macho. Ila kuna kadi za bei ya chini zimekatwa njia za kupitisha data, RX 6500 XT kwa mfano ina njia nne tu, ukiiweka kwenye bodi ya 3.0 kama B450 inapoteza nguvu mpaka unaona. Na ujue Ryzen 5 5500 na 5600G zenyewe ni 3.0 hata ukizipachika kwenye B550 yenye 4.0, hapo bodi haina kosa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile bodi za X99 kutoka China zinazouzwa pamoja na Xeon (prosesa za seva za Intel) na RAM kwa bei ya chee. Kwa kazi za kurenda sina neno, ila kwa gemu za mtandaoni fikiria mara mbili. Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya mashine, viwe vimewashwa, Battlefield 6 nayo inataka Secure Boot, na kwenye hizo bodi vitu hivi mara nyingi ama havipo ama havieleweki. Kwenye bodi za AM4 na LGA1700 TPM ipo tayari, unaiwasha kwenye BIOS tu. Na zile desktop za ofisini za mtumba unazotaka kunyofoa bodi uhamishie kwenye kesi ya gemu, hapana ndugu yangu, nyingi zina plagi za umeme za kwake mwenyewe na matundu ya skrubu hayakai kwenye kesi ya kawaida.

Sloti za RAM chukua nne kama bei inaruhusu, ukiwa na vijiti viwili weka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, halafu ingia BIOS uwashe XMP, ile seti inayoifanya RAM ikimbie spidi yake kamili, kwenye AM5 mara nyingi inaitwa EXPO. Bila hivyo RAM ya 3200 inakimbia 2133 au 2400 na umelipia bure. Nimeshakuta mashine ya mtu imekaa mwaka mzima hivyo.

Kama ruta iko sebuleni na we uko chumbani, lipia bodi yenye Wi-Fi yake kabisa. Ukisema utanunua kadi ya Wi-Fi baadae, kwenye bodi ndogo kadi kubwa ya grafiksi inafunika zile sloti za chini na huna pa kuichomeka.

Ukinunua iliyotumika, na wengi tunanunua zilizotumika, usilipe kabla hujafungua soketi. AM5 na Intel zina pini kwenye bodi yenyewe, nyembamba kama unywele. Washa tochi ya simu, imulike kwa pembeni sio kwa juu, halafu piga picha ukuze. Pini zote zinatakiwa zimeremete kwa mstari mmoja, ukiona moja inaangalia kwingine rudisha, usikubali kuambiwa "inawaka hiyo". Angalia na kapasita kama kuna iliyovimba, na kutu ya kijani kwenye matundu ya USB, bodi iliyokaa karibu na bahari inajulikana hapo. Kile kibati cha nyuma cha matundu kiulizie pia, kisipokuwepo vumbi linaingia kama mlango uko wazi.

Mi mwisho wa siku nilichukua B550 yenye alumini pande mbili na kile kitufe cha kuflashi, 5800X yangu ikahamia huko na mpaka leo iko kwenye 4.5 hata mchana wa Februari. Ile bodi ya zamani sikuitupa, niliirudishia Ryzen 5 yake ya wati 65, anaitumia mdogo wangu anacheza mpira na kusomea, na haijawahi kustaki hata siku moja.